Miaka minane kwenye cheo kimoja: nibaki au niondoke?

Kwenu washauri,

Salaam. Mimi ni Mhadhiri Msaidizi wa Kiswahili katika chuo kikuu cha umma, mashariki mwa Uganda. Niliajiriwa nikiwa na shahada ya uzamili, na sasa natimiza miaka minane cheo kikiwa kile kile. Mwaka jana niliomba kupandishwa kuwa Mhadhiri. Jibu lilikuja baada ya miezi saba, mstari mmoja tu: "Mwombaji hajakidhi vigezo." Hakuna aliyenieleza ni vigezo gani.

Muhula huu nina kozi nne, kila moja ya yuniti tatu, na wanafunzi 14 wa shahada ya kwanza ninaowasimamia katika utafiti wao. Muhula uliopita nilisahihisha vitabu vya mitihani 620 peke yangu. Tangu Kiswahili kiwe somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, wanafunzi wa ualimu wameongezeka, lakini idarani tumebaki walimu watatu.

Nimejisajili kwa PhD katika chuo kingine Kampala, huu ni mwaka wa nne. Mada yangu ni upimaji wa stadi ya kuzungumza katika Kiswahili cha kidato cha pili chini ya mtaala mpya. Pendekezo lilipita, kibali cha maadili nilipata, nimerekodi vipindi katika shule nne, lakini uchambuzi umesimama. Msimamizi wangu wa kwanza huchukua hata miezi mitatu kujibu sura moja. Ada ya mwaka huu sijaimaliza.

Makala ninazo mbili. Moja ilitoka kwenye jarida lililonialika kwa barua pepe. Nililipa dola 150, ikachapishwa baada ya siku tisa. Sasa mwenzangu ananiambia jarida hilo ni la ulaghai. Nyingine imo kwenye kitabu cha kongamano.

Shirika moja lisilo la kiserikali limenipa mkataba wa miaka miwili, mshahara karibu maradufu, na wanataka jibu mwisho wa mwezi. Niondoke? Nikibaki, nianzie wapi?

Mwalimu wa Kiswahili

*

Mwalimu wetu,

Salaam nawe. Hatutajibu kwa mpangilio ulioandikia, maana cheo chako kinasubiri PhD, na PhD inasubiri saa ambazo sasa zinaliwa na kazi nyingine.

Tuanze na lile jibu la mstari mmoja. Andika kwa ofisi ya rasilimali watu, nakala kwa mkuu wa idara, uombe vitu viwili: sera ya uteuzi na upandishaji vyeo iliyokuwa ikitumika siku ombi lako lilipojadiliwa, na dondoo la kumbukumbu za kikao linalokuhusu. Taja tarehe ya barua ya kukataliwa na namba yake ya kumbukumbu, vinginevyo barua yako itazunguka mezani kwa watu. Sera hizi hurekebishwa mara kwa mara, na nakala inayopita kwenye simu za walimu mara nyingi ni ya zamani. Ukishaipata, soma kwanza ukurasa wa sifa za chini za kila cheo, kabla ya ukurasa wa alama. Katika vyuo vingi vya umma hapa kwetu, uzamili unaishia kwa Mhadhiri Msaidizi, na mlango wa Mhadhiri ni PhD. Kama chuo chako kiko hivyo, hata ungekuwa na makala kumi jibu lingekuwa lile lile. Hapo ndipo walimu wengi hupotezea miaka: wanakusanya makala na vyeti vya warsha kujaza alama za ukurasa wa pili, ilhali sifa ya ukurasa wa kwanza haipo.

Sheria ya vyuo vikuu ya 2001 iliweka Bodi ya Uteuzi katika kila chuo cha umma, na baraza la rufaa la wafanyakazi kwa asiyeridhika. Rufaa ina ukomo wa siku, na ukomo wako huenda umekwisha. Hata kama haujaisha, tunaona nguvu zako zina kazi bora zaidi, ila kama kumbukumbu za kikao zitaonyesha kwamba PhD haikuwa sababu.

Sasa PhD yenyewe. Wiki hii, kabla hujagusa uchambuzi, hakikisha tarehe tatu. Ya kwanza ni mwisho wa usajili wako. Mwaka wa nne uko karibu na ukingo katika programu nyingi, na kuongezewa muda huombwa kabla muda haujaisha, kwa barua yenye ratiba ya miezi na sahihi ya msimamizi. Anayeomba baada ya muda kuisha hujikuta akianza usajili upya na kulipa upya. Ya pili ni kibali cha maadili. Kamati za maadili ya utafiti, zile zilizoidhinishwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, kwa kawaida hutoa kibali cha mwaka mmoja, na kila mwaka unapeleka ripoti ya maendeleo ili kihuishwe. Muda wake ukiisha, huruhusiwi kukusanya kitu, na kamati haitoi kibali cha kurudi nyuma kwa data uliyokusanya wakati kibali kimelala. Tazama tarehe ya kila rekodi yako uilinganishe na tarehe za kibali. Kama kuna kipindi ulichorekodi nje ya muda, iarifu kamati sasa kwa maandishi. Mambo haya yakigunduliwa na mtahini huwa mazito zaidi. Ya tatu ni tarehe ya mwisho ya kulipa ada kabla jina lako halijaondolewa kwenye mfumo.

Kuhusu ada, hatutaki ukimbize vivuli. Miradi mikubwa inayotajwa sana hapa Kampala haikuhusu: RUFORUM ni ya kilimo, CARTA ni ya afya ya jamii na masuala ya idadi ya watu. Kwa mtu wa lugha na elimu, angalia CODESRIA ya Dakar, baraza la utafiti wa sayansi za jamii barani Afrika, ambalo limekuwa likitoa ruzuku ndogo za kuandika tasnifu kwa wanafunzi waliosajiliwa vyuo vya Afrika, na ufadhili wa Jumuiya ya Madola unaomwezesha mwanafunzi wa PhD kukaa hadi miezi 12 katika chuo cha Uingereza huku akibaki amesajiliwa nyumbani. Lakini mlango wa karibu zaidi ni mfuko wa kuendeleza wafanyakazi wa chuo chako. Omba ada, na omba likizo ya masomo yenye mshahara, hata ya muhula mmoja. Soma mkataba wake kabla ya kutia sahihi: karibu kila mara unakufunga kurudi na kutumikia miaka kadhaa, na ukiondoka kabla unarudisha fedha. Hili lina uzito kwako, maana una ofa ya shirika mkononi. Usichukue vyote viwili.

Msimamizi anayechukua miezi mitatu mara nyingi ametumiwa sura ya kurasa 45 bila kuambiwa asome nini. Badilisha unachomtumia. Tuma kurasa zisizozidi 12, na mbele yake ukurasa mmoja wenye maswali matatu yanayojibika kwa "ndiyo", "hapana" au sentensi moja. Kwa mfano: "Nimegawa vipindi 16 katika makundi manne kwa aina ya zoezi la kuzungumza. Je, kundi la tatu na la nne ziunganishwe?" Weka tarehe: "Nisipopata maelekezo hadi tarehe 20, nitaendelea na makundi manne." Kila mnapokutana, muandikie barua pepe siku hiyo hiyo kueleza mlichokubaliana. Barua hizo zitakusaidia kwa namna mbili: zinamkumbusha, na siku ukilazimika kuomba msimamizi mwingine katika kurugenzi ya shahada za juu, unaomba ukiwa na ushahidi, bila kumsema mtu vibaya. Msimamizi wa pili naye yupo. Ametajwa kwenye barua yako ya usajili ili afanye kazi. Mpe sura ya mbinu wakati msimamizi wa kwanza ana sura ya uchambuzi.

Na uchambuzi umesimama kwa nini? Tunahisi ni rekodi. Kunukuu kwa maandishi saa moja ya sauti ya darasani, watoto wakisema kwa pamoja na mvua ikigonga bati, huchukua saa sita hadi kumi. Ukiwa na vipindi 16 vya dakika 40, hiyo ni takriban saa 11 za sauti, yaani kazi ya saa 65 hadi 110 kabla hujaandika neno la tasnifu. Usinukuu vyote. Sikiliza kila kipindi mara moja ukiwa na jedwali la safu nne: dakika, nani anasema, zoezi gani, mwalimu anatoa alama kwa lipi. Kisha nukuu neno kwa neno zile dakika tu ambazo alama inatolewa. Swali lako ni upimaji, kwa hiyo dakika za mwalimu akiandika tarehe ubaoni hazina la kukudai.

Ndipo tufike kwenye saa, na hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa ndipo mazungumzo na mkuu wa idara hushindikana. Ukienda ofisini kwake ukasema "nimelemewa", atakujibu kwamba wote wamelemewa, na atakuwa anasema kweli. Nenda na karatasi moja yenye hesabu. Yuniti moja kwa utaratibu wetu ni saa 15 za darasani kwa muhula, kwa hiyo kozi nne za yuniti tatu ni saa 180, au saa 12 kwa wiki kwa wiki 15. Ongeza saa moja ya maandalizi kwa kila saa ya darasani: 24. Wanafunzi 14 wa utafiti, nusu saa kila mmoja kwa wiki: 31. Vikao na makaratasi, saa tatu: 34. Mitihani haimo humo. Vitabu 620 kwa dakika 12 kila kimoja ni saa 124. Kwa saa nane kwa siku bila kuinua kichwa ni siku 15 na nusu, na kipindi chenyewe cha mitihani ni wiki mbili.

Baada ya hesabu usiombe "kupunguziwa". Omba jambo moja lenye jina. Tungekuwa wewe tungeomba wanafunzi wa utafiti washuke kutoka 14 hadi 8 kwa mihula miwili, au kozi moja ipewe mwalimu wa muda, na mkononi uwe na barua ya usajili inayoonyesha mwisho wa muda wako. Mwambie idara inapata nini: ikipata mwenye PhD ya Kiswahili inaweza kusimamia wanafunzi wa shahada za juu, na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu linapokagua programu huangalia sifa za walimu. Mkuu wa idara yenye walimu watatu analijua hilo vizuri kuliko sisi.

Hata asipokubali, kuna saa za kuokoa. Sahihisha swali kwa swali, yaani swali la kwanza katika vitabu vyote, halafu la pili. Mwongozo wa alama unakaa kichwani na dakika 12 hushuka, tena alama zinakuwa sawa zaidi kati ya mwanafunzi wa kwanza na wa 620. Wanafunzi wa utafiti wakutane nawe katika vikundi vya wanne wenye mada za jirani. Kisha zuia asubuhi mbili kwa wiki, saa tatu kila moja, na uziandike kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni kama kipindi. Saa sita kwa wiki 15 ni saa 90, na saa 90 zinatosha kumaliza jedwali la rekodi na rasimu ya sura moja. Zikae asubuhi. Ukisema utaandika usiku baada ya darasa la jioni, utaishia kupanga mafaili kwenye kompyuta.

Tahadhari moja: usikubali kuunganisha ukaguzi wa wanafunzi wako wa ualimu walio kwenye mazoezi ya kufundisha na utafiti wako kwa kuwa shule ni zile zile. Mwanafunzi unayempa alama hana uhuru wa kukukatalia kumrekodi, na fomu yake ya ridhaa haitasimama mbele ya kamati.

Makala ya siku tisa. Mwenzako ana sababu ya kushuku. Tathmini ya kweli ya wasomi wawili haimaliziki kwa siku tisa pamoja na marekebisho na upangaji kurasa. Hakikisha mwenyewe: tafuta jarida kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, na kwenye AJOL, mkusanyiko wa mtandaoni wa majarida ya Afrika, angalia kama ISSN, yaani namba ya utambulisho wa jarida, ni ya jarida hilo kweli, na uwaandikie watu wawili wa bodi ya wahariri kuuliza kama wanajua majina yao yamo. Ikithibitika, usilipe senti ya "kuondoa makala"; wengi wao huondoa fedha tu. Usiipeleke makala hiyo hiyo kwingine, maana hilo ni kosa jingine. Iondoe kwenye orodha ya makala zilizotathminiwa katika wasifu wako. Ukiandika upya kutoka data ile ile, fanya uchambuzi mpya, na mweleze mhariri wazi kwenye barua ya kuwasilisha kwamba sehemu ya awali ilishatoka wapi. Wahariri wanaijua hali hii. Kinachowakasirisha ni kufichwa. Ile ya kitabu cha kongamano iache, lakini tafuta ushahidi kwamba ilitathminiwa, hata barua pepe ya mhariri yenye maoni ya wasomaji.

Makala inayofuata itoke ndani ya tasnifu, jambo moja tu ulilogundua. Kosa la kawaida ni kukata sura ya maneno 14,000 na kuituma ilivyo, kurasa tisa za mapitio ya machapisho mbele. Angalia tofauti. "Makala hii inachunguza changamoto za ufundishaji wa Kiswahili nchini Uganda" haimwambii mhariri kitu. Lakini ukiandika, ikiwa ndivyo data yako inavyosema, "Makala hii inaonyesha jinsi walimu wa kidato cha pili katika shule nne wanavyotoa alama za kuzungumza kwa mazoezi ambayo kwa kweli ni ya kusoma kwa sauti," mhariri anajua tayari ulichoona, wapi, na kwa nini asome. Majarida ya fani yako unayajua: *Kiswahili* na *Mulika* ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na *Swahili Forum* linalosomwa bure mtandaoni. Kubalianeni na msimamizi juu ya mpangilio wa majina kabla ya rasimu ya kwanza. Kwa mafunzo ya uandishi, AuthorAID, mtandao wa kuwasaidia watafiti wa nchi zinazoendelea, wana kozi za mtandaoni bila malipo na huwaunganisha waandishi wachanga na walezi. Na muulize mkutubi nywila za Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaaluma mtandaoni; vyuo vya Uganda vimo katika kundi linalopata majarida hayo bure, na inasikitisha kuona walimu wakinunua makala ambazo maktaba yao inazo.

Kuna jambo linalowapata walimu wa Kiswahili hasa. Kamati itakayosoma faili lako inaweza isiwe na mtu hata mmoja anayesoma makala ya kitaaluma kwa Kiswahili. Usiwaachie wakisie. Kwa kila makala ambatisha ikisiri ya Kiingereza na ukurasa mmoja unaoeleza jarida: mchapishaji, bodi ya wahariri, ISSN, utaratibu wa tathmini, tarehe uliyowasilisha, tarehe ya maoni, tarehe ya kukubaliwa. Ukifika ngazi ambazo machapisho hutumwa kwa watathmini wa nje, idara ipendekeze wasomi wa Kiswahili wa Dar es Salaam, Nairobi au kwingineko; wewe usiwasiliane nao kabisa.

Kuanzia leo weka faili moja lenye sehemu nne: barua za uteuzi za kila kamati uliyokaa, muhtasari wa kozi na tathmini za wanafunzi ukiwa na idadi ya waliojibu dhidi ya walioandikishwa, barua za usimamizi wa wanafunzi waliohitimu, na machapisho. Barua isiyo na tarehe na sahihi kamati haiihesabu. Ukiambiwa kwa simu uwe mratibu wa mitihani, pokea kwa furaha na jioni hiyo omba barua.

Na shirika. Mshahara maradufu si jambo dogo, hasa kwa mwalimu wa lugha baada ya serikali kuwapandishia wenzetu wa sayansi na kuwaacha wa sanaa nyuma; hatutakulaumu ukienda. Ila waulize maswali haya kabla ya mwisho wa mwezi. Je, mkataba una kifungu cha kusitishwa kwa notisi ya mwezi mmoja ufadhili ukikatika? Je, saa za kazi zinakuachia zile asubuhi mbili? Chuoni uliza kama utapewa likizo bila malipo kwa maandishi, kwa muda gani, na kama miaka hiyo inahesabiwa katika utumishi. Usiondoke kwa ahadi ya mdomo ya kurudi. Saa ya usajili wa PhD itaendelea kuhesabu ukiwa kazini kwao, isipokuwa uombe kusimamisha masomo rasmi.

Kwa maoni yetu, uliyekwisha kurekodi shule nne uko karibu na mwisho kuliko unavyojiona, na miaka miwili nje sasa hivi ndiyo inayoweza kuiua kazi hii. Waandikie shirika uwape pendekezo lako: kazi ya ushauri ya siku 10 hadi 15 katika mapumziko kati ya mihula, kwa malipo ya siku. Mashirika mengi hununua kazi kwa namna hiyo, na fedha yake inaweza kumaliza ada ya mwaka huu. Kabla ya kuituma barua hiyo, soma sera ya chuo kuhusu kazi za nje. Vyuo vingi hutaka kibali cha maandishi, na vingine huchukua asilimia.